Kwa Nini Mdomo wa Kikombe Hauonekani Duara: Mazoezi ya Kuchora kwa Anayeanza



Tangu michoro ya wanafunzi ilipotundikwa pale mlangoni mwa madrasa, wengi wenu mmekuwa mkituuliza swali moja kwa namna mbalimbali: vipi mtu anayeanza anaweza kuchora kikombe kikaonekana kikombe, na chumba kikaonekana chumba? Wahariri wa jarida wametutaka tulijibu hapa. Tumekubali, lakini inatubidi tuanze kwa kukiri makosa yetu, kwani jambo hili sisi wenyewe tumelijua kwa kuchelewa, tena kwa hasara.

Miaka mitatu iliyopita mzazi mmoja alikuja ofisini baada ya sala ya Alasiri, mkononi ana daftari la binti yake. Alilifungua mezani akalisukuma mbele yetu. Kurasa zaidi ya kumi, na kila ukurasa umejaa mayai: mengine membamba, mengine manene, yamepangwa mistari kwa mistari. "Ustadhi, hebu tazama," alisema. "Daftari nimenunua la hesabu, mtoto anajaza sifuri." Sisi kwa mazoea ya tarakimu za Kiarabu tulidhani ni tano, maana kwa Kiarabu tano ndiyo yenye umbo la yai, sifuri ni nukta tu. Tulicheka kidogo, kisha tukakubaliana na mzee. Binti akaitwa, akaambiwa daftari ni amana na halichezewi, nalo likatiwa katika mtoto wa meza. Hatukumuuliza alikuwa akifanya nini.

Miezi miwili baadaye wazazi walichanga shilingi laki tatu na nusu ili tutengenezewe kabati la misahafu. Kwa kujiamini, tulichukua rula tukachora wenyewe, tukampelekea seremala. Kabati lilipoletwa, ubao wa nyuma ulikuwa mrefu kuliko wa mbele, na kichwa chake kimeinama kuja mbele kama paa la banda. Ukiweka kitu juu, kinateleza. Seremala hakutaka ubishi, alitoa karatasi yetu mfukoni. "Ustadhi, nimefuata mchoro. Nyuma mmeonyesha kumepanda." Na ni kweli, mistari ya ubavuni tulikuwa tumeipanua kadiri ilivyokwenda nyuma, na vipimo vya nyuma hatukuviandika.

Wanafunzi walikuwa wamesimama wakitazama. Yule binti wa daftari akaiangalia karatasi, akasema kwa sauti ya chini: "Ustadhi, hapa juu mmechora kama mko darini, na hapa chini mmechora kama mmelala sakafuni. Mtu mmoja hawezi kuwa kote kuwili."

Siku ile tulifungua mtoto wa meza tukalitazama daftari lake upya. Ikabainika kwamba mjomba wake alisoma uchoraji wa ufundi, naye ndiye aliyemwambia asiguse kitu kingine mpaka ajaze kurasa ishirini za mayai yale. Yana jina, nalo ni duaradufu. Mengi yatakayofuata hapa tuliyapata kwa binti huyo, na mengine kwa kusoma.

Kwanza, je, inafaa kuchora?

Wazazi kadhaa wametuuliza hili, na ni haki yao. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba mtu mmoja aliyekuwa akiishi kwa kazi ya kutengeneza picha alimjia Ibn Abbas, Allah awe radhi nao yeye na baba yake, naye akamwonya juu ya picha za viumbe, kisha akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Wanachuoni wana maneno marefu juu ya picha za watu na wanyama, na hapa si mahali pake. Ama vikombe, masinia, majengo, milango na majahazi, wengi wao hawakuona ubaya. Na mazoezi yote tutakayoyataja ni ya vitu vya namna hiyo.

Duara likilala linakuwa nini

Chukua sarafu. Inyanyue mbele ya jicho, uso wake ukikuelekea. Unaona duara. Sasa izungushe polepole mpaka ukingo wake ukuelekee. Duara linabanwa, linakuwa yai, yai linakuwa jembamba, mwisho unabaki mstari. Sarafu haikubadilika, kilichobadilika ni mahali pa jicho lako mbele yake. Hilo yai lenye pande mbili zinazolingana ndilo duaradufu. Tunasema yai kwa kuwa neno ni jepesi, lakini yai la kuku lina upande mpana na upande mwembamba. Duaradufu halina. Ukilikunja katikati, kwa urefu au kwa upana, pande zake zinalaliana sawasawa.

Wale wapendao hesabu wachukue hii. Sahani yenye upana wa sentimita 20, ukiitazama kwa mbali kiasi na jicho likiwa nyuzi 30 juu ya usawa wa meza, kimo cha duaradufu lake huwa nusu ya upana, yaani 10 kwa 20. Ukiinama hadi nyuzi 10, kimo kinabaki kama sentimita 3 na nusu. Ukiinuka hadi nyuzi 60, kinafika kama 17. Kwa hiyo ukichora sahani iliyo mezani kwa duara kamili, umemwambia mtazamaji kwamba sahani imesimama ukutani.

Sasa tazama glasi ya chai iliyojaa nusu. Mna maduaradufu matatu humo: mdomo wa glasi, uso wa chai, na kitako. Watu wengi wanaoanza, na sisi tulikuwa miongoni mwao, huchora mdomo kwa duaradufu nono halafu kitako kwa mstari ulionyooka, kwa hoja kwamba meza ni bapa. Ni kinyume chake. Mdomo uko karibu zaidi na usawa wa macho yako, kwa hiyo unaonekana mwembamba. Uso wa chai uko chini zaidi, unanenepa. Kitako kiko chini kuliko vyote, nacho ndicho kinene zaidi. Kadiri duara linavyoshuka chini ya usawa wa macho ndivyo linavyofunguka, na likipanda juu ya usawa wa macho linafunguka vilevile, ila hapo tunaliona kwa chini, kama njia ya mapanga ya feni iliyo darini. Likiwa sawasawa na jicho, ni mstari tu. Jaribu na ndoo: ichuchumalie mpaka mdomo wake upotee uwe mstari, kisha simama taratibu. Zoezi hili halitaki hata penseli, na faida yake ni kubwa kuliko kurasa tano za kuiga michoro ya vitabuni.

Jambo hili la macho wazee wetu wa elimu walilishughulikia sana. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manadhir katika sehemu saba. (Neno letu "mandhari" limetoka katika shina lilo hilo.) Kabla yake, wakubwa kama Euclid na Ptolemy walishika kwamba jicho hutoa miale ikaenda kugusa vitu. Yeye alithibitisha kinyume: nuru hutoka katika kila nukta ya kitu, ikasafiri kwa mistari iliyonyooka, ikaingia jichoni. Kitabu kikatafsiriwa kwa Kilatini, na Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi. Kilichapwa Basel mwaka 1572. Mchongaji Lorenzo Ghiberti wa Florence alichukua mengi kutoka humo katika maandishi yake.

Hapa tuwe waadilifu. Tumesikia mara nyingi ikisemwa kwamba Ibn al-Haytham ndiye aliyebuni uchoraji wa karibu na mbali. Hakubuni hilo. Yeye alieleza jinsi jicho linavyoona. Waliochukua elimu ya namna hiyo wakaifanya kanuni ya kuchora ni watu wa Florence katika karne ya 15: Brunelleschi kwa majaribio yake, kisha Alberti aliyeiandika mwaka 1435. Sifa ya kweli inamtosha Ibn al-Haytham, hana haja ya kuongezewa.

Na duaradufu lenyewe? Myunani Apollonius aliandika vitabu vinane juu ya maumbo ya namna hii. Vinne vya mwanzo vipo kwa Kiyunani. Cha tano, cha sita na cha saba vimebaki duniani kwa Kiarabu peke yake, kwa sababu vilitafsiriwa Baghdad katika karne ya 9. Cha nane kimepotea. Naye Abu Sahl al-Quhi katika karne ya 10 aliandika juu ya bikari ya namna ya pekee iwezayo kuchora duaradufu kwa mzunguko mmoja.

Sisi hatuna bikari hiyo, lakini pini mbili na uzi vinatosha. Chomeka pini mbili kwenye ubao laini, funga uzi uwe kitanzi kilicholegea kuzizunguka, tia penseli ndani ya kitanzi, uvute mpaka uzi ukaze, kisha zunguka huku uzi umekaza. Litatoka duaradufu safi. Sogeza pini zikaribiane, linanenepa. Zitenganishe, linakonda. Wafanyieni hivi watoto wadogo nyumbani, watafurahi. Lakini ni kwa ajili ya kuzoesha jicho tu. Mchoraji hatembei na pini na uzi, ni lazima mkono ujue.

Namna ya kuuzoesha mkono

Mwanafunzi wa madrasa ana nafuu ambayo wengine hawana, maana ameshakwisha kushika kalamu ya khati. Aliyesumbuka na kichwa cha waw na cha mim anajua kwamba mviringo hautoki kwa vidole vilivyokakamaa. Ibn Muqla, aliyefariki mwaka 940, aliweka vipimo vya khati kwa nukta ya kalamu, na kwa duara ambalo upana wake ni urefu wa alifu. Ukifahamu kwamba kila herufi ina kipimo chake ndani ya duara, hutaona ajabu kukaa nusu saa na maduaradufu.

Chora mistari miwili iliyolala sambamba, umbali wa vidole viwili. Kati ya mistari hiyo jaza maduaradufu, kila moja liguse mstari wa juu, mstari wa chini, na jirani yake, bila kuingiliana. Kabla penseli haijagusa karatasi, zungusha mkono hewani mara mbili tatu juu ya mahali pale pale, kisha teremka bila kusita, uzungushe mara mbili halafu inua. Mkono utoke begani. Ukichora kwa vidole tu, mstari unatetemeka, na pale unaposimama kufikiri panatokea kona. Usifute. Raba ni adui wa zoezi hili: ukifuta moja, unatumia dakika nzima kulirekebisha moja, badala ya kuchora kumi mengine. Kurasa mbili kwa siku zinatosha, nazo ni robo saa. Anayefanya kurasa ishirini Ijumaa na kuacha wiki nzima hapati kitu.

Utaona makosa mawili yakijirudia. La kwanza ni ncha: duaradufu linachongoka pembeni kama punje ya mchele au omo la ngalawa. Duaradufu halina ncha, hata likiwa jembamba kama uzi, pale pembeni linageuka kwa mviringo. La pili ni kwamba upande mmoja unanenepa kuliko wa pili, likarudi kuwa yai la kuku. Geuza daftari juu chini, kosa litajionyesha lenyewe. Sisi kosa la pili lilituchukua mwezi mzima, na bado linatunyemelea tukichoka.

Baada ya wiki mbili, ongeza mhimili. Chora mstari uliosimama, huo ndio uti wa mgongo wa kikombe, kisha pitisha maduaradufu juu yake, kila moja likatwe nusu kwa nusu. Upana wa duaradufu ukae mkabala na mhimili kama msalaba wa jamvi, yaani pembe mraba. Mhimili ukiinama, na duaradufu liiname nao. Pipa lililosimama linafuata kanuni hii, na pipa lililolazwa pia, na ndiyo maana watu wengi hukosea magurudumu ya mkokoteni: wanayachora yamesimama wima huku ekseli inakwenda pembeni.

Kutoka kikombe kwenda chumba

Usawa wa macho tulioutaja kwenye glasi ndio huo huo unaotawala chumba. Kaa mwisho wa msikiti, mgongo ukutani, utazame kibla. Mistari ya mikeka sakafuni inakwenda mbele na inaonekana kupanda. Boriti za dari zinakwenda mbele na zinaonekana kushuka. Safu za madirisha kulia na kushoto zinabanana. Ukiifuata yote kwa rula uliyoinyoosha mbele ya jicho, utaona inaelekea nukta moja, na nukta hiyo iko kwenye kimo cha jicho lako. Simama, nayo inapanda nawe. Kaa, inashuka. Hiyo ndiyo nukta ya kupotelea. Kwenye mchoro wetu wa kabati zilikuwako nyingi, kila mstari na nukta yake, na mingine ikienda upande usio na nukta kabisa.

Asiyeamini aende dirishani. Fumba jicho moja, usitikise kichwa, na kwa kipande cha sabuni fuatisha juu ya kioo mistari ya nyumba ya jirani kama unavyoiona. Ukimaliza utakuwa na mchoro sahihi ambao hukuubuni wewe: nuru imetoka kwenye nyumba kwa mistari iliyonyooka kuja jichoni, na kioo kimeikata njiani. Alberti naye aliwashauri wachoraji watazame vitu kupitia kitambaa chepesi chenye nyuzi za miraba, kwa sababu hiyo hiyo. Kisha futa kioo, msije mkasema Ustadhi ndiye aliyewatuma.

Swali linalosumbua zaidi ni nguzo. Waliowahi kuingia katika magofu ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani wanajua zile safu za nguzo na matao zinavyozidi kusongamana kadiri jicho linavyokwenda mbele. Zimepangwa kwa nafasi zilizokadiriwa, lakini machoni nafasi zinapungua. Zipungue kiasi gani? Anayeanza hukisia, na kisio huonekana. Fanya hivi. Chora mstari wa vichwa vya nguzo na mstari wa vitako, yote miwili ikienda kwenye nukta ya kupotelea. Simamisha nguzo ya kwanza na ya pili kati yake. Pima katikati ya nguzo ya pili, uweke alama. Sasa toka kichwani mwa nguzo ya kwanza, pita kwenye alama ile, uendelee mpaka ugonge mstari wa vitako. Hapo ndipo inaposimama nguzo ya tatu. Kwa nguzo ya nne anza kichwani mwa ya pili na upite katikati ya ya tatu. Tulipofanya hili ubaoni mara ya kwanza, darasa zima lilinyamaza, nasi pia.

Mwisho vikutanishe vyote viwili. Chora mraba uliolala sakafuni kwa kanuni ya nukta, upitishe mishazari miwili kutoka kona hadi kona, pale inapokutana ndipo katikati ya mraba. Kisha tia ndani yake duaradufu linalogusa kila upande katikati yake. Hilo ni sinia lililowekwa chini. Angalia vizuri na utaona kwamba katikati ya sinia hakuangukii katikati ya duaradufu, kumesogea nyuma kidogo, kwa kuwa nusu ya mbele iko karibu nawe na inaonekana kubwa. Ukilifahamu hili umevuka hatua ambayo wengi huishia.

Kabati tulilirekebisha. Seremala alikata ubao wa nyuma na kubadilisha kichwa, na gharama ya mbao tulitoa sisi mfukoni, kwani kosa halikuwa lake wala la wazazi. Safari hii alipelekewa mchoro wa binti, wenye usawa wa macho mmoja, nukta moja, na vipimo vya kila upande vimeandikwa pembeni. Aliutazama, akauliza swali moja tu la aina ya mbao.

Daftari tulilirudisha kwa mwenyewe mbele ya baba yake, na tukamtaka radhi. Sasa binti yuko kidato cha pili na anataka kufuata masomo ya ufundi, achore majengo. Mzee hajakubali. Anasema kazi ya kupanda majengo na mafundi si ya mtoto wa kike, sisi tunasema mchoro hufanyiwa mezani, na mazungumzo yamefika hapo. Mara ya mwisho alipopita madrasa alituuliza daftari lile la mayai limebakiza kurasa ngapi. Tukamwambia nne. Kesho yake binti alikuja na jipya, la kurasa 80, lisilo na mistari.